Kilemba cha Ukoka

Ukoka hunyauka upesi, ndiyo maana wahenga wakauita kilemba cha ukoka ule usifu usio na ukweli ndani yake. Katika uwanja wetu wa ushairi, vilemba hivyo vimekuwa bidhaa ya kubadilishana. Mmoja huandika dibaji ya diwani ambayo hakuisoma hadi mwisho. Mwenye diwani naye humlipa fadhila kwa kumwalika awe mgeni rasmi wa uzinduzi. Kila mtunzi sasa ni malenga, na kila malenga ni gwiji.

Hatukutokea huko. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, akaweka wazi kipimo cha vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyokiacha kipimo hicho. Wanamapokeo hawakumpigia makofi ya adabu, walimpinga hadharani. Miaka kumi baadaye, Jumanne Mayoka alichapisha Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Kezilahabi naye akaendelea na njia yake katika Karibu Ndani, mwaka 1988. Ubishi ule ulikuwa mkali, lakini ulimlazimu kila mmoja kueleza shairi ni nini na kwa nini. Hadi leo tunaufundisha madarasani.

Wapo wasemao kwamba kijana akikosolewa atavunjika moyo. Huku Igowole, katika nchi ya chai ya Mufindi, mchumaji mgeni hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Akichanganya na majani yaliyokomaa huambiwa, na hakuna anayeona kwamba ameonewa. Kijana asiyeambiwa kwamba mshororo wake umezidi mizani, au kwamba amelivunja neno ili apate kina, ndiye aliyenyimwa heshima. Ataitwa gwiji miaka mitano, na utungo wake utabaki pale ulipoanzia. Msomaji aliyenunua diwani kwa kuiamini dibaji naye hatainunua ya pili, hata ikiwa nzuri.

Sipingi sifa; naomba ziwe na ushahidi. Anayelisifu shairi na ataje ubeti uliomgusa na sababu yake. Anayeandika dibaji na aoneshe walau kasoro moja ambayo mtunzi anaweza kuirekebisha. Asiyeweza kufanya hivyo na aombe muda, asome kwanza.