Maneno kwa Wenye Nyumba: Magunia Mawili ya Kombe

Mara nyingi katika ukurasa huu tumewaonya watoto wasiwe wachoyo. Mwezi huu hatuna budi kujionya sisi wenyewe, maana kosa tutakalolisimulia si la jirani, ni letu.

Siku za likizo ya shule tulikwenda na rafiki zetu kukaa siku chache katika kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Tanga. Tulikuwa watu wanane: walimu watatu, wake wa wawili wetu, na watoto watatu. Wengi wetu ni watu wa bara, na bahari twaijua kwa kuitazama tu. Mwenyeji wetu akatuambia kwamba kesho ni bamvua, na kwamba wanawake wa kijiji watashuka mwambani kuokota kombe na kuchokoa pweza. Tukafurahi, tukasema, "Na sisi twende, tukapate kitoweo."

Yafaa tueleze bamvua ni nini, kwa ajili ya wasomaji walio mbali na pwani. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku wakati wa kupwa huchelewa kadiri ya dakika 50. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, na nguvu za jua na mwezi za kuvuta maji huwa pamoja. Ndipo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi uwapo nusu, nguvu hizo hupingana, na maji hayaendi mbali. Hayo huitwa maji mafu. Katika pwani yetu, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kadiri ya mita 3 na zaidi, na kupwa kwake huwa karibu na saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku.

Basi, saa tatu ya asubuhi tulishuka. Maji yalikuwa yamekwenda mbali hata mtu asiyezoea angedhani bahari imehama. Tulivuka mkondo mmoja ulio kati ya ufuko na mwamba, maji yake hayakupita vifundo vya miguu. Mbele yetu walikuwa wanawake na makapu yao, na kati yao bibi mmoja mjane pamoja na wajukuu wawili.

"Shikamoo, bibi," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwaenda kutembea au kuokota?"

"Kuokota, bibi."

Akayatazama magunia mawili tuliyoyachukua begani, akasema, "Magunia ya nini? Hili si shamba mlilolima." Tukacheka, tukidhani ni mzaha wa kizee. Akatupa masharti mawili: kombe isiyojaa kiganja tuiache, na jiwe tulilolipindua tulirudishe kama lilivyokuwa, maana chini yake mna mayai na watoto wa viumbe, na jua likiwapiga hufa.

Tuliitika, lakini hatukushika. Furaha ya kuokota ni kama furaha ya mchezo: mkono hauchoki, na jicho halishibi. Tuliokota kubwa na ndogo pamoja. Tulipindua mawe, tukayaacha matumbo juu. Kila mmoja wetu alitaka kumpita mwenzake, na tulipokwisha jaza gunia la kwanza tukaanza la pili, wala hapana aliyeuliza nani atazila.

Katikati ya mambo hayo mtoto wetu mmoja aliokota konokono mzuri wa baharini, mwenye umbo la pia na madoadoa ya kahawia, akamweka kiganjani. Bibi alikuwa karibu. Akampiga mkono, konokono akaanguka majini. Mama yake mtoto alikunja uso. Bibi akasema, "Usinikasirikie, mwanangu. Huyo ana mshale." Na neno lake ni kweli tupu. Jamii ya konokono hao wana jino lililo kama mshale mdogo, ambalo hulichoma kwa ghafula na kutia sumu; katika bahari yetu ya Hindi wamo wawezao kumwua mtu mzima, na hata leo waganga hawana dawa ya kuzimua sumu yake, ila kumsaidia mgonjwa avute pumzi hata nguvu ya sumu ipite. Mtoto yule alikuwa ameshika kifo akikidhani ua.

Maji yalipoanza kurudi, bibi alitupigia ukelele, "Tokeni!" Wanawake wote wakageuka mara moja. Sisi tuliitazama bahari, tukaiona mbali, tukasema, "Bado." Hatukujua ya kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kwa saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda kidogo sana, kama sehemu moja katika kumi na mbili. Ya pili, sehemu mbili. Lakini ya tatu na ya nne hupanda sehemu tatu tatu. Bamvua ya mita 3, katika saa ya tatu peke yake, hupanda kadiri ya robo tatu ya mita. Tena mkondo ulio nyuma ya mwamba hujaa kwanza, na mtu aliye mwambani, miguu yake ikiwa mikavu bado, amekwisha fungiwa njia.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipofika mkondoni, maji yaliyokuwa ya vifundo yalitufika kiunoni, na watoto yaliwafika kifuani, nayo yalikuwa yakienda kwa nguvu. Waume wawili walikuwa na gunia gunia kichwani, na watoto tuliwavuta kwa mkono. Bibi alikuwa amekwisha fika ng'ambo. Alipotuona alirudi majini na nguo zake, akapita mahali anapopajua yeye, akamnyanyua mtoto mdogo kuliko wote, akatuambia maneno ambayo hata leo yatuchoma: "Mwabeba kombe, na watoto mwawaburura?"

Tukalitupa gunia la kwanza, tukawaweka watoto wawili waliosalia mabegani. Tulitoka salama. Gunia la pili likatoka nasi.

Usiku ule tulipika chungu kimoja kwa tui la nazi, tukashiba. Asubuhi kombe zilizobaki zilikuwa zimekufa na kunuka, tukachimba shimo nyuma ya nyumba ya mwenyeji wetu, tukazifukia. Tulipokuwa tukifukia, mjukuu wa bibi akapita na kikapu, chini yake mna kombe chache tu. Tukamwuliza kwa nini ni chache. Akajibu pasipo lawama, "Jana bibi aliacha kuokota, akawa anawatazama nyinyi."

Hapo koleo likawa zito mikononi mwetu. Jioni tulikwenda kwake kuomba radhi. Alitukaribisha, akatuwekea mkeka, akasema kwa upole, "Walimu, nyinyi mna mshahara mwisho wa mwezi. Mimi mshahara wangu ni bamvua, mara mbili kwa mwezi. Mwamba ule ndio ghala yangu. Mkitaka kula, karibuni. Lakini msibomoe ghala."

Hatukuwa na jibu. Siku iliyofuata bamvua ilikuwapo bado, nasi tukashuka naye tena, bila gunia, tukamfuata nyuma kama wanafunzi. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuyarudisha mawe tuliyoyapindua. Tulipata kombe za kutosha chungu kimoja, na chungu kile kilikuwa kitamu kuliko cha kwanza.

Wasomaji wetu, msidhani kwamba hekima hii ya kuacha ni ya bibi mmoja tu. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, asiguswe pweza hata mmoja. Pweza hukua upesi, na walipoufungua mwamba walikuta pweza wakubwa. Vijiji vingine vikaiga desturi hiyo, na baadaye hata pwani yetu na visiwani watu wameijaribu. Mwenye kuacha leo hakupoteza, ameweka.

Sasa tuwape wenye nyumba na walimu mambo machache ya kushika.

Kwanza, msiende mwambani pasipo mtu wa mahali pale, na akisema "tokeni," tokeni. Vaeni viatu, maana kuna samaki afananaye na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Akichomwa mtu, mguu utiwe katika maji ya moto yanayovumilika, yasimwunguze, na apelekwe hospitali upesi. Watoto wasiokote konokono hai wa umbo la pia, hata awe mzuri namna gani.

Pili, msiokote kombe wala chaza karibu na mifereji ya mji. Viumbe hawa hula kwa kuyachuja maji, na uchafu wa maji hukaa ndani yao. Kwa njia hiyo watu wamepata homa ya matumbo na kipindupindu. Tena, mkisikia kwamba bahari ya mahali fulani imebadilika rangi na kombe zake zimekatazwa, msizile kabisa. Iko sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Tatu, kombe zioshwe, zikae kwa saa kadhaa katika maji safi ya bahari zitoe mchanga. Iliyo wazi, nayo haijifungi ukiigonga, itupwe kabla ya kupika. Isiyofunguka baada ya kuchemshwa, nayo itupwe.

Nne, na hili ndilo kubwa: kabla ya kuokota, hesabuni watu watakaokula. Kisha mwulize, "Nani anaishi kwa mahali hapa?" Neno hili si la mwambani tu. Lafaa msituni kwenye kuni, lafaa mtoni kwenye samaki, lafaa hata mezani penu mnapojipakulia kabla ya mgeni.

Sisi tulikwenda na magunia mawili, tukarudi na mafundisho ambayo kikapu kimoja kingaliweza kuyachukua. Twawaomba msingoje kufundishwa kama tulivyofundishwa sisi, maji yakiwa kifuani mwa watoto.