Wakili unayemlipa huenda si wako

Kukopa harusi, kulipa matanga, walinena wahenga. Huko Kalama, kusini mwa mji wa Machakos, familia nyingi zina ndoto moja: nyumba ya mawe badala ya ile ya zamani. Pesa hazipo. Kilichopo ni shamba, na hilo ndilo benki au chama cha akiba na mikopo hutaka liwe dhamana.

Hapo ndipo wakili huingia. Wengi hudhani kwa kuwa gharama zake hukatwa mfukoni mwao, basi huyo ni wakili wao. Sivyo. Kwa kawaida anayeandika hati ya rehani hutumwa na mkopeshaji, na kazi yake ni kulinda pesa za mkopeshaji. Hana wajibu wa kukuonya kwamba riba inaweza kupanda. Mwenye busara hutafuta wakili wake amsomee hati kabla ya kutia sahihi. Ada hiyo ni ndogo ikilinganishwa na shamba.

Wakili wako ataanza na hatimiliki. Je, ina jina la nani? Ikiwa bado ni la babu aliyefariki, hakuna mkopo hadi kesi ya urithi imalizike mahakamani, na hapo ndugu wote watatajwa, mabinti wakiwemo. Shamba la kilimo pia huhitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, nayo huombwa katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Bila idhini hiyo, rehani ni batili.

Kisha kuna mwenzako wa ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 yasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume anayeishi humo. Mama, ukiletewa karatasi jioni na kuambiwa "weka sahihi tu hapa", uliza kwanza: tunakopa kiasi gani, tutalipa kwa miaka mingapi, na kazi ikiisha itakuwaje? Kuuliza si kumkosea mume heshima. Paa litakalouzwa linawafunika nyote.

Na mkishindwa kulipa? Sheria hiyo haimruhusu mkopeshaji kuja na dalali kesho yake. Deni likikaa mwezi mmoja bila kulipwa, anaweza kutoa ilani ya angalau miezi mitatu. Baadaye lazima atoe ilani ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Tena ni wajibu wake kutafuta bei nzuri iwezekanavyo. Ilani ya kwanza ikifika, usiifiche chini ya godoro. Ipeleke kwa wakili siku hiyo hiyo, kwani wakati huo bado mnaweza kujadiliana.

Wenye mishahara nao hukatwa asilimia 1.5 chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sheria hiyo inataja hata nyumba za mashambani na mikopo ya riba nafuu. Ni vyema kuulizia mpango huo kabla ya kukimbilia rehani.

Basi msomaji, kabla ya kuhesabu mawe na mabati, hesabu kwanza sahihi. Nyumba ndogo isiyo na deni huwapa watoto usingizi kuliko jumba linalongojewa na dalali.