Aliyeumwa na Swila Asihesabiwe Maiti Upesi

Miongoni mwa ajali ziwapatazo wakulima wa Kasongo na Kabambare, huku Maniema, katika mashamba ya mihogo na mpunga yaliyopakana na msitu, kuumwa na nyoka ni ajali tuliyoizoea mno hata tukaifanya kadari isiyo na dawa. Nami nakusudia kuipinga fikira hiyo, kwa kuwa mauti ya kuumwa na nyoka aitwaye swila aghalabu ni mauti ya kukosa pumzi, na pumzi ni kitu ambacho mwanadamu aweza kumpa mwenziwe kwa mikono yake mpaka sumu imwachilie.

Ili madai haya yafahamike, yatupasa kwanza kujua jinsi misuli ipatavyo amri. Amri hutoka katika ubongo, ikashuka kwa uti wa mgongo na kupita katika mshipa wa fahamu kwa nguvu ya umeme. Lakini mshipa haugusani na msuli, bali baina yao pana mwanya mwembamba, kadiri ya sehemu moja ya elfu ishirini ya milimita, ambao umeme huo hauuvuki. Hapo mshipa humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka mwanya na kushika vipokezi vya msuli, msuli ukajikaza; na mara kimeng'enya kilichopo papo hapo huivunja, ili msuli ulegee na kuingojea amri nyingine.

Sumu ya swila huvikalia vipokezi vivyo hivyo bila ya kuuamrisha msuli, na asetilikolini ifikapo hukuta nafasi imekwisha kutwaliwa. Ndipo kope huanguka, macho yakashindwa kugeuka, ulimi ukawa mzito, shingo ikalegea, na mwishowe kiwambo cha kuvutia pumzi kikasimama. Walakini ubongo haukuguswa: mgonjwa huweza kuvisikia vilio vya jamaa zake asiweze kujibu, na mboni zake huweza kupanuka zisijibu mwanga, hata asiye na maarifa akamdhani amekufa, ilhali moyo wake ungali unapiga.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Kasongo, mji uliokaa na Uislamu tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, kwa kuwa kuharakisha maziko ni sunna tuipendayo. Lakini fiqhi yenyewe imeagiza kwamba mauti ya ghafla yasubiriwe mpaka yawe yakini. Basi kabla ya kuitengeneza janaza ya aliyeumwa na nyoka, na asikilizwe moyo, na apumulishwe.

Dawa nazo zipo. Mwaka 1934 tabibu Mary Walker, huko Uingereza, alimdunga fisostigimini mgonjwa wa miastenia, maradhi ambayo kinga ya mwili wenyewe huvishambulia vipokezi tulivyovitaja, na kwa muda kope zilizoanguka zikainuka. Dawa hiyo asili yake ni mbegu ya Calabar, ambayo Waafrika wa Magharibi waliwanywesha watuhumiwa ili kupima ukweli wao. Mwenziwe, neostigimini, huzuia kile kimeng'enya kisiivunje asetilikolini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Ikitolewa pamoja na atropini huweza kumfaa aliyeumwa na baadhi ya swila, ijapokuwa haifai kwa kila nyoka, wala haishiki mahali pa seramu.

Seramu ndiyo dawa hasa ya sumu, lakini ni ghali na ni adimu. Seramu iitwayo Fav-Afrique, iliyotumiwa sana barani, kiwanda cha Sanofi kiliacha kuitengeneza, na chupa za mwisho ziliisha muda wake mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani liliazimia mwaka 2019 kupunguza vifo vya kuumwa na nyoka kwa nusu ifikapo 2030. Azimio jema, ila mgonjwa wa Kabambare hawezi kuungojea mwaka huo.

Kwa hiyo nasema kila kituo cha afya kipewe mfuko wa kupumulishia wa kuminywa kwa mkono, na kila muuguzi afundishwe kuutumia. Watakuwapo watakaosema kwamba kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine siku kadhaa, na muuguzi ni mmoja. Nami nawajibu kwamba jamaa wale wale wanaopokezana machela njia nzima hawashindwi kupokezana mfuko, muuguzi akiwasimamia. Saa zinazopotea kwa kuchanja jeraha, kufunga kamba na kubandika jiwe jeusi, ambalo halivuti sumu, zitumike kumtuliza mgonjwa, kukifunga kiungo kwa ubao kisitikisike, na kumpeleka kituoni hima.

Hatuombi jambo geni. Mwaka 1971, hapa hapa Kasongo, ulianzishwa mradi pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, ambao ulionyesha kwamba tiba ya msingi yaweza kuwekwa karibu na raia mikononi mwa wauguzi, na walimwengu wakajifunza kwao. Wakuu wa afya wa Maniema ni warithi wa elimu hiyo. Insafu yawataka waanze na vituo vya Kasongo na Kabambare, na mfuko wa kupumulishia uwe wa kwanza katika sanduku la kila kituo.