Likizo ya Mjeda Yaishia kwa Dalali

Mwaka 2014 baba watoto alinijia likizo kutoka Beni, Kongo, kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa. Siku 14 tu! Nyumba tuliyopanga ilishauzwa, basi badala ya kula raha, tukawa kiguu na njia Tandika, Mbagala hadi Gongo la Mboto, tukisaka vyumba viwili. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima, taslimu. Tena akisikia mpangaji mjeda, anaguna: “Huyu akigoma kulipa, nani atamtoa?” Mweh! Siku ya 12 tukapata Yombo. Mkataba nikaandikisha jina langu. Mwenyewe kalala humo siku mbili, huyoo, karudi Beni.