Uwanja wa nyuma: maji kwanza, mawe baadaye

Kiangazi kinakaribia, na wengi wenu mnataka kutengeneza uwanja wa nyuma, ili jamaa ipate mahali pa kukaa jioni na nyumba iongezeke bei. Ni wazo zuri, na mama anaweza kulifanya kwa mikono yake. Lakini niwasimulie kwanza kosa langu.

Mwaka jana nilitandika mawe nyuma ya nyumba yetu hapa Bukavu. Palipendeza kweli. Mvua za mwezi wa 9 zilipoanza, maji ambayo zamani yalinywewa na udongo yakakimbia juu ya mawe na kuangukia ukuta wa jirani yangu wa chini. Alikuja na ndoo mkononi. Hakunitukana. Alisema tu: "Dada, uwanja wako ni mzuri, lakini unanifukuza kwangu." Watoto wake wanalala nyuma ya ukuta ule. Nilibomoa kila kitu, nikaanza upya.

Huku kwetu mlimani nyumba zinapandana, kwa hiyo tuanze na maji.

Mvua ikinyesha, simama nje utazame maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Weka vijiti kwenye njia yake. Maji ya mabati yapokee kwenye pipa. Yanayozidi yapeleke kwa mfereji mpaka kwenye mfereji wa barabara, si kwa jirani.

Kisha pima mahali pa kukaa. Mita 3 kwa 4 zinatosha jamaa. Chimba sentimita 15, ushindilie udongo vizuri. Mwaga kokoto sentimita 8, halafu mchanga sentimita 3, kisha panga mawe bapa au matofali ya kuchoma. Utahitaji karibu mita 1 ya ujazo ya kokoto na chini ya nusu yake ya mchanga. Kila mita 1 ishuke sentimita 2, kutoka ukuta wa nyumba kwenda kwenye mfereji. Katikati ya mawe jaza mchanga, usitie simenti, ili maji yapate kupenya.

Mbao usizilaze chini. Mchwa na unyevu vitazimaliza upesi.

Kwenye ukingo wa mteremko panda vetiva, mstari mmoja unaokata mteremko, shina moja kila sentimita 15. Mizizi yake inashuka wima zaidi ya mita 2 na kushika udongo. Kwa kivuli, simamisha nguzo na upandishe maracuja: utapata matunda pia. Pembeni acha tuta la lengalenga. Lakini kama unahitaji ukuta wa kuzuia udongo unaozidi mita 1, muite masoni. Hiyo si kazi ya kujaribu.

Kubeba mawe peke yako ni mateso. Fanyeni salongo: kila Jumamosi parsele ya mama mmoja, kwa zamu.

Na wewe mpangaji, usinunue hata jiwe moja kabla ya kusikilizana na mwenye nyumba. Andikeni gharama, na kama zitakatwa kwenye kodi, kisha wote wawili mtie sahihi. Bila karatasi, uzuri ulioutolea jasho unaweza kuwa sababu ya kukupandishia kodi.

Mtu anayekuja kununua nyumba hapa kwetu hatazami maua tu. Anatazama nyufa za ukuta, anauliza maji yanapita wapi, na mara nyingi anamuuliza jirani. Mvua za mwezi wa 4 zimepita, na ukuta wa jirani yangu umebaki mkavu. Siku hizi akija kwangu, anakaa juu ya mawe yale yale, tunachambua sombe pamoja.