Kuufuata Mto Naro Moru

Wako watu waupandao Mlima Kenya mbio, kana kwamba wanawahi gari la moshi. Msomaji, wewe nenda polepole. Kutoka kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, utapita msitu, kisha utelezi wa tope linalotesa miguu kwelikweli, ndipo uingie bonde la Teleki, Mzungu aliyefika huko mwaka 1887. Hapo mto ni kijito tu, kitokacho upande wa barafu ya Lewis, iliyopungua mno tangu 1934. Na maji hayo ndiyo yanyweshayo mashamba ya chini. Lala kambini, mita 4,200. Kichwa kikiuma na kutapika kukazidi, usione haya: shuka usiku uo huo, wala usingoje kuche.