Tusiupime ubora kwa daftari peke yake

Miongoni mwa midahalo ambayo nimewahi kualikwa kuamua katika shule za upili, mmoja haujanitoka akilini. Mada ilionekana nyepesi: ni nani senta bora zaidi kuliko wote waliowahi kucheza mpira wa vikapu katika ligi kuu ya Marekani, NBA? Senta, kwa wasioufuatilia mchezo huu, ni yule mchezaji wa kati, aghalabu mrefu kuliko wenzake, asimamaye karibu na kikapu ili kukilinda cha timu yake na kukishambulia cha wapinzani.

Mvulana mmoja wa kidato cha tatu alisimama na karatasi iliyojaa takwimu. Alitaja pointi, akataja mataji, akataja miaka, na kila alipotaja tarakimu ukumbi ulirindima kwa makofi. Baada yake akasimama msichana aliyekuwa na swali moja tu: "Je, siku hizo nani alikuwa akihesabu, na alihesabu nini?" Wanafunzi waliangua kicheko. Sisi waamuzi tukampa mvulana ushindi. Msichana hakuambulia alama yoyote ya maana, kwani karatasi yetu ya kusahihishia ilikuwa na safu ya ufasaha, safu ya ushahidi na safu ya sauti, lakini haikuwa na safu ya swali.

Ninaandika leo kwa sababu msichana yule alikuwa na hoja, nami nilikuwa miongoni mwa waliomnyima haki yake. Wahenga walitwambia mnyonge tumnyonge, lakini haki yake tumpe.

Huenda akatokea mwalimu atakayeuliza ni kwa nini tupoteze wino juu ya mchezo wa Wamarekani ilhali mitihani na nidhamu vinatungoja. Jibu ni kwamba mchezo wenyewe ulibuniwa na mwalimu, James Naismith, mjini Springfield mwaka wa 1891, alipotafuta zoezi la kuwashughulisha wanafunzi wake ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali. Fauka ya hayo, swali la nani bora kati ya watu wa zama mbalimbali ni lile lile tunalolikuta darasani tunapowalinganisha wafalme, washairi na wanasayansi. Mwanafunzi atakayejifunza kulijibu kwa uadilifu katika habari za michezo atalijibu vivyo hivyo katika karatasi ya historia.

Tuanze na tarakimu iliyowapandisha vijana jazba siku ile. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey katika jimbo la Pennsylvania, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alifunga pointi 100 peke yake katika mechi moja dhidi ya New York Knicks. Msimu huo wa 1961-62 alimaliza na wastani wa pointi 50.4 kwa kila mechi. Anayesoma takwimu hizi bila kusoma nyingine ataufunga mjadala papo hapo.

Hata hivyo, msimu huo huo mchezaji bora wa ligi hakuwa Chamberlain. Siku hizo kura zilipigwa na wachezaji wenyewe, nao walimchagua Bill Russell wa Boston Celtics, ambaye wastani wake wa pointi haukufika hata 20. Je, wachezaji hao walikuwa vipofu? La hasha. Wao ndio waliopambana na watu hawa wawili usiku baada ya usiku. Waliyajua mambo ambayo karani aliyeketi kando ya uwanja na kalamu yake hakuyaandika.

Kazi kubwa ya Russell ilikuwa kuipangua mipira ya wapinzani kabla haijafika kikapuni. Wala hakuipiga ikaenda kwa watazamaji ili ashangiliwe. Aghalabu aliugusa mpira kwa kiasi cha kumfikia mwenzake, na kutoka hapo Celtics wakaanza kukimbia kwenda kufunga. Sasa fikiri, msomaji: ligi ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyopanguliwa katika msimu wa 1973-74. Russell alikuwa amestaafu mwaka wa 1969, na Chamberlain alicheza mechi yake ya mwisho mwaka wa 1973. Ukifungua leo orodha ya waliopangua mipira mingi zaidi, utamkuta Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, akiongoza kwa mipira 3,830, akifuatwa na marehemu Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, kwa mipira 3,289. Wana hawa wa Afrika wanastahili kila sifa waliyopewa. Lakini jina la Russell humo halimo kabisa, kana kwamba hakupata kuinua mkono maishani mwake. Asiyekuwepo na lake halipo.

Hilo ndilo swali la msichana yule: nani alihesabu, na alihesabu nini?

Swali la pili ni la zama zenyewe. Kila zama na kitabu chake, na katika mchezo huu usemi huo ni kweli tupu, kwa kuwa kitabu cha sheria kimebadilishwa mara kadhaa kwa ajili ya masenta. George Mikan wa Minneapolis Lakers alipowatesa wapinzani, eneo la chini ya kikapu ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu lilipanuliwa mwaka wa 1951 kutoka futi 6 hadi futi 12. Alipokuja Chamberlain, likapanuliwa tena mwaka wa 1964 hadi futi 16. Naye Lew Alcindor, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, alipokuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha UCLA, vyuo vya Marekani vilipiga marufuku kuutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu. Marufuku hiyo ilidumu kutoka mwaka wa 1967 hadi 1976. Mabadiliko kama hayo ni ushahidi mzito kuliko takwimu nyingi, maana huonyesha ni nani aliyeogopwa na wenzake.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuutumia mfano huu kesho asubuhi. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwashinda Lakers kwa pointi 19 kwa 18. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kuilazimisha timu irushe mpira ndani ya sekunde 24. Sheria hiyo ilikuja mwaka wa 1954. Usiku huo Mikan alifunga pointi 15 kati ya zile 18 za timu yake, yaani zaidi ya asilimia 83. Chamberlain alipofunga pointi 100, timu yake ilipata 169. Sehemu yake ilikuwa takriban asilimia 59. Simaanishi kwamba 15 ni kubwa kuliko 100. Ninasema tu kwamba tarakimu ina kwao, na anayeitoa kwao bila kueleza ilikotoka huwapotosha wasikilizaji.

Haki hukata pande zote mbili. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 kila timu ilirusha mpira kikapuni zaidi ya mara 100 kwa mechi, na mingi ilikosa. Mipira ilipokosa kwa wingi, masenta waliidaka kwa wingi. Kwa hivyo wastani wa Russell wa kudaka ribaundi 22.5 kwa mechi nao usitamkwe kana kwamba ulipatikana katika mchezo wa leo. Isitoshe, alipoanza ligi ilikuwa na timu 8 pekee, ilhali leo zipo 30. Mtetezi wa Russell asiyeyakiri haya ni yule yule mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wa karibu kuhusu nguvu za zama. Mwaka wa 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye kimo cha sentimita 221, aliteuliwa wa pili miongoni mwa chipukizi wote walioingia NBA, mbele ya Stephen Curry aliyeteuliwa wa saba. Waliomteua walitafuta senta wa mtindo uliokuwa ukielekea ukingoni. Muda si muda ligi iligeukia mitupo ya mbali yenye thamani ya pointi tatu, naye Curry akawa kioo cha mageuzi hayo. Kimo cha Thabeet hakikupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni mchezo. Katika mchezo huo mpya alitokea Nikola Jokić wa Serbia, aliyeteuliwa wa 41 mwaka wa 2014, ambaye hana mbio wala hana mruko wa kutisha, lakini huwagawia wenzake mpira kama nahodha agawaye kazi merikebuni. Alituzwa kuwa mchezaji bora wa msimu katika miaka ya 2021, 2022 na 2024, na mwaka wa 2023 aliipa Denver ubingwa wake wa kwanza wa NBA.

Sasa itabidi nitoe uamuzi wangu, kwa kuwa mwamuzi anayejificha nyuma ya msemo kwamba wote ni sawa amekwepa kazi. Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni Abdul-Jabbar: misimu 20, mataji 6, tuzo 6 za mchezaji bora, na pointi 38,387 ambazo hakuna aliyezipita hadi LeBron James alipofanya hivyo mwezi wa Februari 2023. Olajuwon naye, aliyelelewa katika mpira wa mikono na kandanda huko Lagos, katika msimu wa 1993-94 alitwaa kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora wa msimu, ya mlinzi bora na ya mchezaji bora wa fainali, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu yeyote kabla yake. Shaquille O'Neal aliwabeba Lakers hadi mataji matatu mfululizo kutoka mwaka wa 2000 hadi 2002. Yeyote atakayemchagua mmoja wa hawa kwa hoja hatakuwa mpumbavu.

Mimi ninamchagua Russell. Alicheza misimu 13 akatwaa ubingwa mara 11. Alicheza mechi 10 za saba na za mwisho, zile zinazoamua nani aendelee na nani aende nyumbani, akashinda zote 10. Mataji mawili ya mwisho, ya 1968 na 1969, aliyapata akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, naye ndiye Mwamerika Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi hiyo.

Watasema alikuwa na wenzake hodari. Ni kweli, na hapa ndipo tunapohitaji mbinu ya mwalimu wa sayansi: ondoa kitu kimoja, kisha utazame kinachotokea. Bob Cousy alikuwa Boston tangu 1950, na Celtics hawakutwaa ubingwa hata mmoja hadi Russell alipofika. Katika miaka 13 iliyofuata wenzake walikuja wakaondoka, Cousy mwenyewe akastaafu, mataji yakaendelea. Russell alipoondoka mwaka wa 1969, msimu uliofuata timu ilipoteza mechi 48 kati ya 82. Hakuna safu ya daftari iliyoandika jambo hilo, lakini lilitukia.

Wala daftari halikuandika mzigo alioubeba nje ya uwanja. Mwaka wa 1961, mjini Lexington, Kentucky, yeye na wachezaji wenzake Weusi walikataa kucheza mechi ya kirafiki baada ya baadhi yao kunyimwa huduma ya chakula kwa sababu ya rangi yao. Alipofariki mwezi wa Julai 2022, ligi ilistaafisha nambari yake 6 katika timu zote, heshima ambayo haikuwa imepewa mchezaji mwingine kabla yake.

Walimu wenzangu, tunayo madaftari yetu. Tunajumlisha alama, tunatafuta wastani, tunabandika majina ukutani kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Sipingi kuhesabu, shule isiyohesabu hufuga uzembe. Lakini katika kila darasa yuko mwanafunzi ambaye jioni huwaeleza wenzake hesabu walizoshindwa kuzielewa, na mwisho wa muhula wao hupanda naye akabaki katikati ya orodha. Yuko pia yule anayeuliza swali linalotufanya sote tunyamaze. Daftari letu halina pa kuwaandika hawa, nasi huishia kuamini kwamba hawakufanya lolote.

Kwa wanafunzi, ombi langu ni dogo. Mtakapokutana tena kubishana juu ya Chamberlain, Abdul-Jabbar, Olajuwon au Jokić, bishaneni kwa ari, leteni takwimu zenu zote. Lakini kabla hamjapiga makofi, aulizwe kila msemaji: takwimu yako ilihesabiwa lini, chini ya sheria gani, na ni kazi gani iliyofanyika siku hiyo bila kuandikwa?

Nimeiomba shule ile iongeze safu moja katika karatasi ya waamuzi. Msichana yule amekwisha kumaliza masomo, na alama zake hatuwezi kumrudishia. Watakaokuja baada yake wazipate.